Nguo za Mama Mkwe Kwenye Kamba

Natasha, uko? Kwa kaka yangu Heze kumeharibika. Mamake bibi yake Nafula amerudi kwake Butere, na matibabu hayajaisha!

Unajua mama mkwe halalangi kwa mkwewe. Huyu alikubali tu juu ya ugonjwa, hospitali iko karibu.

Heze naye akaona Nafula ataumia mgongo kufua za mgonjwa kila siku. Akatafuta mashine ya kufua. Aliuliza mji mzima, asiuziwe takataka. Akachagua ile inayolia ikimaliza, ati nguo zisivunde ndani.

Leo asubuhi ikalia. Nafula ameenda kuchukua dawa. Ikalia tena. Heze akaona huruma, akazitoa, akazianika. Zote, Natasha! Hata petikoti! Hata za ndani!

Mama akatoka kuota jua. Akamkuta mkwewe ameinua petikoti yake kwa kamba.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alijifunika uso na leso, akarudi ndani.

Nafula alipofika akaambiwa, "Mashine ni nzuri, mwanangu. Bwana yako pia ni mzuri. Lakini sasa nitamwangalia na macho gani?"

Nitamwangalia na macho gani. Mama akaondoka na nguo mbichi kwa mfuko. Heze alijificha nyuma ya nyumba mpaka gari likaenda, ndio asimwaibishe tena. Hata kwaheri hawakuambiana.

Saa hii Nafula amefua shuka za mama. Mashine imemaliza, inalia. Heze ameketi hapo kando yake, anaiangalia tu.