Mshindo wa Saa Moja na Dakika Sita

Nairobi, 22 Aprili 2025

Ndugu yangu Mutunga,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila usingizi umenihama. Wewe je? Upweke wa huko Kivaa umeuzoea?

Tarehe 12, saa moja na dakika sita asubuhi, antena za kituo chetu cha utafiti zilinasa mshindo mmoja wa redio kutoka upande wa kilima. Mutunga, ni vile tulivyotarajia nyutrino ifanye: chembe itokayo mbali kupita nyota tuzionazo, ipenye ardhi bila kuguswa, igonge mwamba ndipo ijulikane. Nimeingoja miaka tisa.

Lakini hata cheche ya pikipiki inaweza kutudanganya. Daftari lako halionyeshi chochote kilichowashwa asubuhi hiyo. Ni kweli? Nakuuliza wewe, uliyekuwa unaogopa hata jogoo wa Mwaitu, mama yetu. Ndiyo maana nilikuombea ukarani huo: mwoga huandika kila kitu.

Dada yako,
Katunge

Kivaa, 25 Aprili 2025

Dada mpendwa,

Namshukuru Mungu niko salama, natumaini nawe pia. Samahani kwa mwandiko. Lori la maji linaondoka, na simu bado haziruhusiwi huku juu. Mvua imenyesha wiki mbili, kila kitu kimelowa.

Daftari liko sawa.

Ndugu yako,
Mutunga

Nairobi, 20 Mei 2025

Mutunga wangu,

Hujambo? Mbona kimya? Tumekagua tukakagua tena, wote wameridhika. Jumatatu tarehe 9 Juni nitatangaza kwenye mkutano, ng'ambo.

Mwaitu ameshaliambia kanisa zima la Kithimani eti binti yake ameshika kitu kilichotoka kwa Mungu moja kwa moja. Nikamwambia, "Mwaitu, si hivyo." Akasema, "Nyamaza, wewe unajua nini?"

Dada yako,
Katunge

Kivaa, 6 Juni 2025

Dada,

Natumaini u mzima. Mimi si mgonjwa, ila nina neno la kukuambia.

Asubuhi ile kiberiti kilikuwa kimelowa. Nilichukua kiwashio cha gesi, kile cha kubonyeza, nilichotoka nacho nyumbani, nikawasha jiko la chai. Najua kinatoa cheche na antena zinaisikia. Wewe mwenyewe ulinifundisha. Nilibonyeza mara moja tu. Nilitazama saa. Ilikuwa saa moja na dakika sita. Sikuandika, maana ningekuwa nimekiri kwamba nimekileta huku, na ni marufuku.

Uliponiuliza, niliogopa kufukuzwa. Uliponiandikia habari za Mwaitu, niliogopa zaidi. Barua tatu nimezichana. Jana nilishuka sokoni nikakupigia. Simu ikaita mara moja, nikakata.

Usitangaze.

Ndugu yako,
Mutunga

Nairobi, 30 Juni 2025

Mutunga,

Barua yako niliikuta mezani niliporudi. Nilikuwa nimeshatangaza. Watu walisimama wakanipigia makofi. Mzee mmoja alilia. Amekuwa akizitafuta chembe hizi tangu kabla hatujazaliwa.

Ile simu niliiona nikifunga begi. Nilidhani ulitaka kunitakia heri, mtandao ukapotea. Nilifurahi siku nzima.

Nimebonyeza kiwashio kama hicho mbele ya antena ya hapa chuoni. Umbo la mshindo ni lilelile. Nimewaandikia wote kwamba tulikosea. Kituo kitafungwa Agosti.

Mwaitu bado anasimulia. Mwambie wewe, mimi nilijaribu, akanikatiza kwa wimbo wa kumsifu Mungu.

Wakubwa waliniuliza karani aliyekuwa zamu ni mtu wa namna gani. Nilijibu kwamba simfahamu.

Katunge