Bip Mbili za Numero Prive

Jumatatu, Bulengera. Mvua ilianza saa nane, sasa imekatika. Leo nimejua ni nani alimutisha mama yangu siku nne mufululizo.

Ni mimi.

Mimi ni mushonaji. Nguo ikiisha, ninamupigia mwenyewe simu aje achukue. Shida ni banaume: ukimupigia mutu sababu ya suruali, kesho anakupigia kuuliza kama umeolewa. Nilichoka. Jumatano usiku rafiki yangu Masika, tunayeimba naye kwaya, akachukua simu yangu, akabonyeza-bonyeza, akasema: « Sasa ukiita mutu, ataona tu numero prive, yako imefichwa. Bakutafute mpaka bachoke! » Tukacheka sana. Nilijisikia mutu mukubwa, kama bibi ya gavana.

Nilifikiri inanificha kwa bale banaume tu. Ujinga wangu ule!

Maana mimi na mama tuna desturi yetu. Yeye anakaa peke yake Beni, kule Bungulu, na tangu batu baanze kuuawa mashambani, kila jioni saa kumi na mbili ninamupigia bip mbili. Inalia, ninakata, inalia, ninakata. Maana yake: niko muzima. Yeye ananirudishia moja: na mimi pia. Hatusemi neno, na tunalala vizuri.

Alhamisi nikapiga mbili. Kimya. Nikasema ni réseau, mutandao umekatika. Ijumaa, kimya tena. Jumamosi tukasikia masasi ya bunduki imelia upande wa Ruwenzori, commune jirani na kwake. Hapo sikutaka bip tena, nilitaka sauti yake. Nikaita, akakata. Nikaita tena, akakata. Halafu simu yake ikazimika kabisa. Jana kanisani niliimba na midomo tu, roho yote ilikuwa Beni.

Leo saa tisa niko kwenye mashini, ninaona mwanamuke amesimama mulangoni, amelowa chapachapa, viatu mukononi, hata muzigo hana.

Mama!

Nilipiga kelele mpaka majirani bakatoka. Alinishika uso, mabega, mikono, vidole kimoja kimoja, kama anavyokagua kuku sokoni. Halafu akakaa chini, akalia.

« Bip zako zilikatika, » akasema. « Halafu saa ile ile, numero prive inalia mara mbili, inanyamaza. Kwetu Beni hakuna mutu anashika numero prive, tunasema ni bauaji banapiga nayo. Mais ile alama yetu, nani anaijua? Nikasema, Kavira wangu bamemushika, bamemupiga mpaka akasema, na simu yake iko kwao, nisiiite. Donc nikavunja puce ya simu, basinipate njiani na jina lako ndani, nikakuja kukutafuta. Hata maiti, nikuzike. »

Alipita ile barabara ya Beni! Barabara ambayo mimi mwenyewe nilimukataza hata kwa Noeli. Anasimulia polepole, bila hasira, kwamba gari iliyokuwa mbele yao ilipigwa masasi, na bao bakajitupa kwenye majani mpaka basoda ba jeshi bakafika. Viatu alivivua ili aweze kukimbia. Mama yangu, ambaye magoti inamuuma hata akipanda ngazi za kanisa.

Sababu ya suruali za banaume!

Tena niseme ukweli wote: nilitaka kunyamaza. Nilimupikia chai, nikamupa kikwembe kikavu cha kujifunga, na kila alilosema nikaitika: ndiyo mama, batu ni babaya, ndiyo mama. Mais saa kumi na mbili ilipofika, mukono wangu ukachukua simu wenyewe umupigie bip, kwa mazoea tu, na yeye amekaa mbele yangu anamenya ndizi. Nikaona haya mpaka kwenye mifupa.

« Mama, ile numero prive ni miye. »

Kisu kikasimama.

« Hata ile ya Jumamosi, ya kupiga-piga? »

« Hata ile. »

Nikangoja kofi. Haki ya Mungu, nililitaka. Yeye akafunga macho, akahesabu kwa vidole: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, jana.

« Wasingya, Nyamuhanga, » akamushukuru Mungu kwa Kinande. « Donc siku zote zile ulikuwa muzima. »

Akaendelea kumenya ndizi.

Kutoka pale ni mimi ninayelia. Masika amepita hapa, ameirudisha simu jinsi ilivyokuwa, na hata yeye hakucheka. Bale banaume baione numero yangu, baniulize banavyotaka.

Kesho nitamununulia mama puce mupya, nimuandikie jina langu ndani. Analala chumba kimoja na mimi sasa, mais saa kumi na mbili nitamupigia mbili vilevile, nisimame karibu yake mpaka nione « Kavira » imetokea kwenye simu yake.