Kibuyu cha Wakwe

Bariadi, Jumamosi, Agosti 1993

Ladha yake sikuipenda hata kidogo.

Jumatatu mwanangu Masanja atapimwa damu Mwanza. Daktari akikuta dalili ya pombe, hatarudishiwa cheti cha afya cha urubani alichonyang'anywa kwa kuendesha gari amelewa. Bila cheti hicho haruki, na kampuni binafsi iliyomwahidi kazi itamwajiri rubani mwingine.

Leo tulikwenda Migato kumposea. Wakwe walituletea kibuyu cha pombe ya mtama, nacho hakirudishwi kikiwa kimejaa. Masanja alikataa.

"Ng'wanawane, mwanangu, pombe yetu inanuka?" mjomba wa binti alimwuliza.

Masanja alinitazama. Nikakipokea mimi.

"Na wewe si mzee wa kanisa linalokataza pombe?" mjomba akacheka.

"Ndimi," nilijibu, nikanywa.

Posa imekubaliwa. Kesho ni zamu yangu kuhubiri.