Birika la Sarwidi wa Sumberan

Mwaka mzima, Baba, hujakoleza moto wa chai. Kwa kalenda ya Kijava mwaka wako ulitimia siku kumi na moja zilizopita, tukakusomea dua na kulisha watu. Leo umetimia kwa kalenda ya ukutani, ndiyo maana tumeomba nafasi hii gazetini. Mama anasema maneno mazuri hana na wala hayataki. Amesema tuandike mambo yalivyokuwa, na majina tuyataje.

Kwa wasiokujua: kwa miaka thelathini ulikuwa mpishi wa chai wa kitongoji chetu. Arusi, tohara, msiba, siku ya kuzibua mifereji, popote watu walipokusanyika palikuwa na lile birika kubwa la bati, na wewe nyuma yake macho mekundu kwa moshi. Ulichanganya majani ya aina tatu, na mchanganyiko wake hukumwambia hata Mama. Chai yako ilikuwa ya moto, nzito, tamu. Makopo sita ya sukari kwa birika moja. Glasi isiporudi tupu ulikosa raha siku nzima.

Mama naye ulimpikia kila asubuhi kabla hajashuka kitandani. Vijiko vitatu. Ulisema mwanamke anayekwenda kuinama shambani hawezi kuanza siku na maji machungu.

Kisha akaja muuguzi Endah. Zahanati ilimleta Sumberan na mizani, mabango ya sahani iliyojaa mboga, na redio ya kupigia muziki wa mazoezi kila Ijumaa asubuhi kwenye uwanja wa badminton. Siku ya kwanza alimtoboa Mama kidole, akakitazama kimashine chake, akamtoboa tena. Sukari ya damu mia tatu na kumi.

"Bu Ngatinem," akamwita Mama kwa heshima, "chai yako unaitia vijiko vingapi?"

Mama akacheka, akakunyooshea wewe kidole. "Muulize huyo. Mimi sijawahi kujitilia."

Wewe hukucheka. Mama anasema ulirudi nyumbani umemwacha nyuma, ukakaa jikoni ukiliangalia kopo la sukari. "Ni mimi niliyekufanya hivi," ukamwambia. "Miaka thelathini na minne, kwa mkono wangu."

"Acha upuuzi, Baba Pramu," akakwambia. "Kwani nani kafa hapa?"

Ijumaa iliyofuata ulikuwa mwanamume peke yako katikati ya wanawake arobaini, saruni umeikunja magotini, unarusha mikono. Wanaume wenzako walikaa pembeni wakivuta sigara. Pak Tukijan, msaidizi wako wa miaka kumi na minane, ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote.

"Kaka, hicho kiuno kimeshika kutu. Kipake mafuta."

"Njoo unipake wewe," ulimjibu, ukaendelea.

Muuguzi akakufanya mhamasishaji wake. Ulikwenda mlango kwa mlango na bango lako, ukawaeleza watu habari ya kuchemsha badala ya kukaanga, na ya kwenda dukani kwa miguu badala ya kuwasha pikipiki kwa hatua mia mbili. Walikusikiliza kwa heshima zote, wakakukaribisha tempe, ile soya ya kuvundikwa, ya kukaanga, na ulipotoka wakaendelea na yao.

Hapo ndipo ulipoanza kuiba. Mama pekee alijua. Kijiko kimoja cha sukari kila karamu, ukikitoa kimyakimya na kuongeza majani kidogo ili rangi isikusaliti. Ilikuchukua miaka miwili kushuka kutoka makopo sita mpaka matatu. Glasi ziliendelea kurudi tupu. Kwenye arusi ya binti wa Bu Rukmini, wakwe kutoka mji wa Solo waliomba glasi ya pili, na Bu Rukmini akatembea kifua mbele wiki nzima. Sukari ya Mama ilishuka mpaka mia na sitini. Usiku ule mlicheka mpaka tukawagongea ukuta.

Sasa tuje kwenye kosa lako, Baba, kwa sababu bado linatuuma. Ulikuwa na mkono wenye subira na mdomo usio na subira hata kidogo.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya mazoezi, watu wote wamekaa uwanjani wakinywa chai yako. Muuguzi Endah alisema zahanati inataka kuufunga mpango na kuupeleka kwingine. "Miaka mitatu nimebandika mabango," alisema. "Hakuna hata mmoja wenu aliyepunguza kijiko."

Ungenyamaza. Ungemimina chai ukanyamaza. Lakini ulimwonea huruma yule binti, na ulituonea fahari sisi wa Sumberan, ukasimama na birika mkononi.

"Wamepunguza, dada. Wote. Hiyo mnayokunywa ina nusu ya sukari ya zamani, na huu ni mwezi wa saba mnainywa."

Muuguzi alipiga makofi. Alipiga peke yake. Watu waliziangalia glasi zao kana kwamba umetemea mate ndani.

"Nilijua," akasema Tukijan, ambaye kwa miaka ile yote ndiye aliyekuwa akilikoroga birika. "Nilionja nikaona nimheshimu mkubwa."

Bu Rukmini aliinuka. "Ina maana arusi ya mwanangu niliwapa wakwe maji ya kuoshea vikombe?"

"Waliomba glasi ya pili, Bu," ulimkumbusha.

"Walikuwa na adabu! Solo nzima leo inajua kwamba mimi ni bahili!"

Kuanzia hapo kila mtu akakumbuka kuwa alionja. Alionja kwenye tohara ile, alionja kwenye msiba ule. Ajabu, hakuna aliyewahi kubakiza hata tone. Mmesikia, majirani? Tunaandika haya mkiwa hai, mkitaka kukanusha njooni.

Wiki iliyofuata Tukijan alikuja kuchukua birika. Ni mali ya kitongoji, ni kweli, ila kwa miaka thelathini lilikuwa limelala jikoni kwetu, nawe ulilisugua kwa jivu kila lilipotumika.

"Nimetumwa, kaka."

"Na nani?" Mama akamuuliza kabla yako.

"Na watu, Bu."

"Watu wana majina."

Wewe ulikwenda ukalileta mwenyewe, ukampa na lile kopo la kupimia. "Mfuniko umelegea," ulimwambia. "Ukimimina, ushike kwa kidole gumba." Mama hajakusamehe kidole gumba hicho mpaka leo. Alitaka umpige na birika lenyewe.

Huku kwetu mpishi wa chai hajipeleki. Mwenye shughuli huja mwenyewe na sinia la chakula kukuomba. Kwa miezi kumi na minne tulisikia arusi zikipigwa ngoma nyumba ya nne na ya tano, na sinia halikuja. Uliketi kibarazani umevaa shati safi, eti unapunga upepo. Tulijua unachongoja. Watoto barabarani walikuita Mzee Chapwa, na hawakulitoa jina hilo kwenye hewa, walifundishwa na wazazi wao. Ijumaa asubuhi uliendelea kuwasha redio uwanjani. Kutoka arobaini mlibaki sita, Mama akiwemo. Ulihesabu moja mpaka nane kwa sauti ileile, kana kwamba uwanja umejaa.

Kilichokuua ni homa ya mkojo wa panya uliyoipata kwenye maji ya mpunga. Daktari alituandikia. Hata hivyo siku ya mazishi yako, jeneza bado liko barazani, Bu Rukmini alimwambia mwenzake, wala hakunong'ona: "Kumbe mazoezi nayo yanaua."

Mama alimsikia. Alikuwa ameshika bakuli la maua ya kukumwagia. Aliliweka chini, akafunga mikono yake kwenye kanga, akasema nasi kwa sauti ndogo: "Huyu atakunywa."

Hatukumwelewa. Tulidhani ni uchungu.

Miezi minne baadaye Bu Rukmini alimtoa mjukuu nje kwa mara ya kwanza, na Mama akaenda, kwa sababu jirani asipokwenda anajichimbia kaburi la upweke. Akapewa glasi. Akanywa funda moja, akanywa la pili. Aliinuka bila kuaga, akarudi nyumbani akakaa palepale jikoni ulipokuwa umekaa wewe.

"Ni ya baba yenu," akatuambia. "Makopo matatu. Hata majani Tukijan kayazidisha vilevile."

Mama hakulia siku uliyozikwa. Alilia siku hiyo, tena kwa hasira, akipiga goti lake kwa ngumi. Walikupokonya birika, walikupokonya jina, na chai yako waliibakiza.

Basi dua ya mwaka ilipokaribia, mwanao Pramujo alisema chai atapika yeye, kwa kipimo chako. Mama akakataa. "Mwiteni Tukijan. Mpelekeeni sinia, tena kubwa, lenye kuku."

"Mama, unamtukana Baba."

"Nyie mpelekeeni."

Tukijan akaja. Wanaume walikuwa wameshaketi mikekani, wanawake wako jikoni, maji yanachemka. Mama akatoka na bakuli la sukari, akaliweka mbele yake wote wakiona.

"Makopo sita, Pak Tukijan. Kipimo cha zamani."

Alilitazama lile bakuli. "Bu, hii si nyingi?"

"Nyingi? Si ndiyo hii mliyosema marehemu kawaibia?"

"Watu hawataimaliza."

"Umejuaje?"

Tukijan jasho lilimtoka, na si la moto. Akamimina yote, akakoroga, akagawa.

Baba, laiti ungeziona zile nyuso. Mzee wa dua alimeza funda moja akafunika glasi taratibu, kama mtu anayefunika kitu kinacholala. Mwingine akakohoa. Bu Rukmini alivumilia, akavumilia, mwisho akaniita mimi Murniasih pembeni.

"Mwanangu, niongezee maji ya moto kidogo."

Mama alikuwa nyuma yangu. "Ya kuoshea vikombe?" akamuuliza.

Glasi zilirudi nusu, nyingine zimejaa. Mama hakuturuhusu kuzimwaga. Alizipanga kibarazani kandokando ya viatu, na kila aliyeondoka aliinama kuvaa ndara zake mbele ya glasi yake mwenyewe, sisimizi wakiwa wameshaanza kupanda.

Jioni, jua bado halijazama, Tukijan alirudi na birika, kopo limo ndani. Alilisimamisha mlangoni.

"Niliweka sita mwezi wa kwanza tu, Bu. Glasi zilikuwa hazirudi tupu. Nikashuka mpaka kipimo chake."

"Ukamwambia?"

"Nilikuwa nangoja nafasi."

"Alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwako, Tukijan. Miezi kumi na minne, amekaa hapo kibarazani na shati safi."

Tukijan alilia. Mama alimwacha alie, akalichukua birika, akafunga mlango.

Limelala jikoni sasa, Baba, tumelisugua kwa jivu, na mfuniko tumeukaza. Mama amepimwa Ijumaa iliyopita, mia na arobaini. Ndiye anayehesabu moja mpaka nane siku hizi, na uwanjani wamerudi ishirini na kitu. Hajibu salamu ya Bu Rukmini, lakini akikosea kunyoosha mkono humrekebisha.

Wana Sumberan, msimu wa arusi unakuja. Anayelitaka birika aje mwenyewe na sinia, asimame mlangoni kwetu, na kabla ya yote atamke: chai hii ni ya Sarwidi. Kisha tutampa, pamoja na kopo la kupimia, sukari makopo matatu tu.

Unakumbukwa na mkeo Ngatinem, wanao Pramujo na Murniasih, mkweo Suharyadi, na mjukuu wako Galih, asiyejua kwamba kuna chai nyingine.

Hatutakusahau wewe, Baba. Na wao hatutawasahau.