Kitambaa cha Bi Zuhura

Kilifi, Jumanne, Machi 1986

Kumbe kifaa hakina ila. Wiki nzima nimemlaumu bure fundi wangu wa maabara, maskini, kwa kanda zinazokatikakatika, na kosa ni langu.

Leo nimekwenda Takaungu kwa Bi Zuhura, yule mama mwenye kifafa anayekaanga mahamri. Ndiye anayejifunga kichwani kitambaa nilichokishonea vihisio vya kunasa umeme wa ubongo. Hukivaa chini ya mtandio, nyaya zikishuka hadi kwenye tepu ndogo kiunoni. Nikamwuliza kwa upole kama huwa anakivua.

"Hukivua nikitawadha, mwanangu. Nitapakaje maji kichwani na nyaya zote hizi?"

Profesa mzima! Mimi mwenyewe natawadha kila siku, na haikunijia akilini. Nilikijaribu Nairobi kwa wanafunzi waliokaa kitini saa mbili tatu, basi.

Tumecheka sote wawili. Nitakishona upya, labda sehemu ya mbele iwe inafunguka... sijui bado. Hilo halinitishi.

Linaloninyima raha ni mkono wake. Ijumaa alianguka kando ya karai, mafuta ya moto yakamrukia. Nami, kwa furaha ya kijinga, nikamwambia kwamba anguko lile limo kwenye kanda, na kwamba nimeona dalili zake kabla hajaanguka.

Akanimiminia kahawa kwa ule mkono mzima.

"Alhamdulillahi," akasema. "Wewe kimeshakwambia. Na mimi kitaniambia lini?"