Dole Gumba la Kaka

Nyumbani kwa Mama,
Jumatatu alasiri.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu, na wale watoto wenu ambao kila nikiwaona kwenye picha nakuta wamerefuka tena. Natumaini mu wazima, na kile kifua chako kimetulia tangu baridi ipungue. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mama anakula, analala, na ulimi wake umerudi karibu wote. Mkono na mguu wa kushoto ndivyo bado vinamkatalia. Anasema vimegoma, na kila asubuhi anavisalimia kwa heshima ili aone kama vimebadili nia.

Utashangaa kupata barua ya kalamu kutoka kwa mtu mnayekutana naye kila siku kwenye simu. Usishtuke, hakuna msiba. Nimechagua karatasi kwa sababu haina mahali pa kubonyeza. Nakuomba uisome yote, na uisome umekaa.

Sijui kama unaifahamu siku yangu ilivyo. Mama hawezi kulala ubavu mmoja kwa muda mrefu, ngozi inaanza kuwa nyekundu, kwa hiyo kamba yangu ina urefu huo huo: naenda sokoni na kurudi, basi. Nikikuta foleni kwenye duka la dawa, narudi bila dawa. Jirani yetu, yule mama mshonaji wa nguo, hunishikia zamu akiwa hana wateja, lakini naye ana maisha yake. Karakana ya makochi sijaikanyaga tangu Mama apate kiharusi. Nilikuwa na sugu kwenye vidole kwa sababu ya kuvuta kitambaa juu ya sponji kabla ya kupigilia misumari. Juzi niliona zimebanduka zote, vidole laini kama vya bibi harusi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikazililia. Mama aliniuliza nalia nini nikamwambia ni vitunguu, naye akaniambia hasikii harufu ya kitunguu chochote.

Mwanzoni, unakumbuka, tuliambiana kwamba ni kwa miezi michache. Dada ana darasa lake, kitinda mimba ana masomo ng'ambo, wewe una mabomba ya mji mzima yanayokusubiri, na mimi sina mume wala mtoto, basi ikaonekana sina kazi pia. Sikubisha. Mama ni mama. Nilidhani tu kwamba zamu itazunguka.

Badala ya zamu tukapata kundi la kwenye simu. Familia Moja. Wazo lilikuwa lako, na lilikuwa wazo zuri, kwamba kila mmoja ajue hali ya Mama na mzigo tuubebe wote. Nikawa naandika: leo amekataa kula, leo kisigino kimeota kidonda, leo mgongo wangu umeniambia maneno. Nanyi mnajibu upesi, siwezi kuwasingizia. Wewe unaweka picha ya dole gumba. Dada anaweka vile viganja viwili vilivyounganishwa, na uso wenye chozi moja. Kitinda mimba anaweka mkono uliokunjwa kuonyesha misuli, na siku nyingine anaongeza moto, sijui wa kumchoma nani.

Mama hunitaka nimsomee kila mlichosema. Mwanzoni nilikuwa natafsiri. Nikiona dole namwambia, kaka anasema yuko pamoja nasi. Nikiona misuli namwambia, mtoto wako wa mwisho anatupa moyo. Siku moja akaomba simu aone mwenyewe, akavaa miwani, akavitazama kwa muda. Akaniuliza hivyo vinyago ndiyo maneno yenyewe, au maneno yapo nyuma yake. Tangu siku hiyo akawa ananiambia nimtajie picha tu, tafsiri atafanya mwenyewe.

Na kwa kweli tafsiri ni ngumu, kaka. Kuna wakati niliomba mtu aje akae na Mama wiki moja tu, nikapumzike. Nikamalizia na vile viganja viwili, maana kwangu mimi ni kuomba: nawapigia magoti. Dada akaviona akadhani nashukuru, akanijibu nisijali, hayo ni ya kawaida kati ya ndugu. Kitinda mimba akadhani tunasali, akaandika amina. Wewe ukaweka dole. Nikabaki nimeishika simu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Nimeomba, nimepewa karibu, nimeitikiwa amina, na hakuna anayekuja. Niliona haya kurudia. Mtu akishakuitikia amina, utaanzaje kumwambia hukuwa unasali?

Sasa nikueleze ya bafuni, kwa sababu naamini mpaka leo hujui yaliyotokea.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Nilikuwa nimemaliza kumwogesha Mama, nikamshika kwapani nimwinue kutoka kwenye kigoda. Mguu wake ulio mzima ukateleza kwenye povu. Nilimwahi, akaniangukia mimi badala ya sakafu, na hilo namshukuru Mungu, lakini tulipotulia, mimi nilikuwa chini, mgongo ukutani, mguu wangu umebanwa chini ya nyonga yake, na yeye amelala ameuegemea mlango. Unalijua lile bafu. Mlango unafungukia ndani. Hata angekuja mtu, asingeweza kuusukuma bila kumponda Mama. Nilijaribu kumsogeza, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikaacha.

Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Nikakupigia wewe kwanza. Ukakata, ukaja ule ujumbe unaojituma wenyewe kwamba uko kikaoni. Nikampigia Dada, simu yake imezimwa, anafundisha. Nikampigia mshonaji, nikaisikia simu yake ikilia upande wa pili wa ukuta, peke yake, mwenyewe ametoka. Ndipo nikaandika kwenye kundi kwa kidole kimoja kilichojaa sabuni: tumeanguka bafuni, Mama ameziba mlango, siwezi kuinuka, tafadhali mwenye nafasi ampigie mtu yeyote wa mtaani.

Jibu lako ndilo lilikuwa la kwanza. Dole gumba. Baadaye kidogo kitinda mimba akaweka misuli, na neno "pole". Dada, nadhani wakati wa mapumziko, akaweka viganja na uso wa chozi.

Maji yalikuwa yanapoa mgongoni kwa Mama. Nilimfunika kwa taulo nililoweza kulifikia, nikawa namsugua bega. Akaniuliza wanasemaje wenzako. Nikamtajia picha kama alivyonizoesha: kaka ameleta mkono. Akauliza, "Mkono tu?" Nikamwambia mkono tu, dole limesimama. Akasema, "Na mkono mtupu haulambwi." Tukacheka, kaka. Nilimcheka Mama akiwa amenilalia, mguu wangu umekufa ganzi, na yeye akacheka mpaka akaanza kukohoa. Kisha kicheko kikaisha, na hatukuwa na kitu kingine cha kufanya ila kupiga bomba kwa bakuli la kuogea.

Mshonaji alitusikia aliporudi. Akamwita fundi baiskeli wa pale kona, naye fundi akatoa vioo vya dirisha kimoja kimoja, akaingia huku amefumba macho kwa adabu, akagonga kichwa kwenye bomba. Akamsogeza Mama kutoka mlangoni, mshonaji akaingia, wakamwinua. Jioni ukauliza kwenye kundi Mama anaendeleaje. Nikajibu anaendelea vizuri. Ukaweka dole.

Sikukasirika, au nilikasirika nikachoka. Nilijiambia labda kwako picha ile ina maana ya "nimeona". Labda uliiona juu juu, katikati ya kikao, ukabonyeza kama mtu anavyoitikia hodi bila kufungua. Lakini Mama hakulala mchana ule. Aliniita nikae karibu, akasema jambo ambalo nimekuwa nikilibeba tangu siku hiyo. Alisema, "Mimi nimezaa wanne." Kisha akageukia dirishani.

Wiki hiyo hiyo mwenye karakana akaja kunitembelea. Ana kazi ya viti vya hoteli mpya, katika mji mwingine, anataka mtu wa kusimamia mafundi, na amesema ananitaka mimi. Nilimwambia nitafikiri. Mama alikuwa anasikiliza kutoka chumbani. Mgeni alipoondoka akaniambia kwamba kama nitakataa kwa ajili yake, atagoma kula, na safari hii hatakuwa anatania.

Basi nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Jumapili, si hii ya jana bali ile iliyoitangulia, niliandika kwenye kundi ujumbe mrefu. Ulianza na dawa za presha na mafuta ya kuchua. Katikati niliandika, kwa maneno ambayo mtoto wa shule angeyaelewa, kwamba Jumamosi ya wiki hii namleta Mama kwako akae, kwamba mimi naanza kazi, na asiyekubali aseme. Kisha nikaendelea na habari za shuka na godoro. Dole lako lilikuja kabla sijaiweka simu chini. Dada akaweka viganja. Kitinda mimba akaweka misuli na moto.

Nakiri, kaka, niliyaweka maneno yale katikati kwa makusudi. Nilijua hutafika hapo. Lakini nakiri na hili pia: siku zote hizi nimekuwa nikiifungua simu kila baada ya muda mfupi, nikisubiri mmoja wenu arudi ashtuke, aulize, "Umesema nini?" Ningefurahi hata kama ungenigombeza. Hakuna aliyeuliza. Jana nikampa mwenye karakana jibu. Nimemwambia ndiyo.

Sitakushtaki kwa dole lako. Najua halikuwa ndiyo. Lakini halikuwa hapana pia, na mimi nimeishi ndani ya nafasi hiyo ya katikati mpaka imenibana kifua.

Wifi anajua. Nilimpigia, tukazungumza kwa sauti zetu wenyewe, na nikamwomba asikwambie mpaka barua hii ifike, kwa hiyo usimlaumu. Aliniuliza swali ambalo ninyi watatu hamjawahi kuniuliza: mlango wa bafu uwe na upana gani ili Mama apite na mtu wa kumshika. Nikiwa bado kwenye simu akaenda kuupima kwa utepe. Amesema chumba cha mbele kinapata jua la asubuhi. Kumbe wala hakuhitaji kubembelezwa, alikuwa anasubiri aambiwe.

Usidhani natoka huku nikicheza. Nguo zake nazifunga, nazifungua, nazifunga tena. Najua mlango ninaotokea mimi ndio unaoingilia wewe, na najua utakuwa mzito. Utajifunza kumgeuza, utajifunza kisigino, utajifunza kulala sikio moja likiwa macho. Nitakaa nanyi mpaka Jumatatu nikuonyeshe yote, halafu nitaondoka, na sijui kama miguu itakubali. Hapa nilipo, Mama akikohoa chumbani, nimeshainuka kabla sijajua nimeinuka. Naogopa kwamba hata huko kwenye mji mwingine, katikati ya mashine za kushona, nitakuwa nikiinuka hivyo hivyo.

Mama anakusalimu sana. Anamsalimu wifi na wajukuu zake, na amesema wasihamishwe chumba kwa ajili yake kama wanakipenda, ataishi popote penye dirisha. Jirani mshonaji naye ametuma salamu. Wewe mpe salamu zangu kila aliye chini ya dari yako.

Tutakuja na lori la karakana linaloleta makochi mjini kwenu, Mama amepewa kiti cha mbele. Tutafika Jumamosi kabla ya adhuhuri. Usinijibu kwa simu, kaka. Uwe nje tu, barabarani. Kiti cha lori kiko juu, dereva ana mgongo mbovu, na kumshusha kunahitaji watu wawili.

Ni mimi,
mdogo wako, fundi makochi.