Biskwiti ya Pasteri

Mpendwa Mama Pulchérie wa radio, naomba musaada, lakini kwanza niache nijisifu: binti yangu Nella iko na miaka saba, hasemi, docteur alituambia ni autisme, ndiyo usonji, na mwezi uliopita alichukua picha ya maji akaniwekea mu mukono kuniomba ya kunywa, mimi Casimir fundi wa nguo wa hapa Baraka, nikaacha suruali ya mutu ku mashini, nikakimbia kutafuta kikombe, nusu ya maji ikamwangika njiani. Kuomba kwa picha hizo, ni Angeline anamufundisha, mama mukimbizi wa Burundi, anakuja kwetu na tunakaa chini bote na mutoto. Lakini iko pia Monsieur Wilfried, éducateur, mwalimu wa batoto kama Nella, mwenye diploma ku ukuta, yeye anafunga mulango, bazazi banangoja inje, anamupa Nella biskwiti kila akimuangalia mu macho na kila akiacha kupepea mikono, na kweli mutoto amejifunza, maana siku ya Mungu alimushika pasteri kidevu mbele ya kanisa nzima, akamukazia macho, kisha akanyoosha mukono kungoja biskwiti. Mama mukwe akaniambia: "Casimir, sisi tunafundisha batoto bainamishe macho mbele ya bakubwa, we unamulipa wako abainue?" Sasa Wilfried anasema picha zinaleta uvivu wa kusema, nichague yeye ao Angeline, na Nella akiona ule mulango anajitupa chini, na mi naogopa kumupotezea bahati. Nifanye nini?

Baba Nella,

Hongera, na ile suruali ingoje. Sasa nikugombeze. Mutoto asiyesema anajitupa chini mbele ya mulango, na we unaandikia radio kuuliza anasema nini?

Biskwiti haina kosa, hata mimi natumika kazi vizuri nikiahidiwa sahani ya sombe. Uliza inafundisha nini. Mikono ikipepea inaumiza nani? Nella anahitaji kuomba choo, kuonyesha fasi ya mwili inamuuma, kusimama pikipiki ikipita, na kukataa. Ndiyo, kukataa: akizoea kutii kila mukubwa nyuma ya mulango, siku ya mutu mubaya atafanya nini?

Kesho uende kwa Wilfried pamoja na bibi yako, mama wa Nella. Mulango wazi, muzazi ndani, mikono iachwe ipepee, na picha ya "sitaki" ifundishwe ya kwanza. Akikubali, muendelee naye. Akikataa, mumuache na diploma yake. Angeline usimuache. Na mwenye kukuahidi kumuponesha Nella, mukimbie.

Siku ya Mungu mukae benchi ya mbele, biskwiti mu mufuko. Binti yako alifanya kazi kama alivyofundishwa, mbele ya bantu bote, bila kutetemeka. Umupe biskwiti yake palepale. Pasteri akishangaa, umupe naye moja.